Taa Yako Nimeijaribu Vya Kutosha

Kariakoo, nyuma ya Msimbazi
Jumapili mchana

Mke wangu Mama Shamimu,

Salamu zangu zikukute umekaa vizuri, mgongo umeegemea ukuta na macho hayawashi. Kifua chako kikoje? Shamimu bado anakohoa usiku? Na ule ushungi ulioungua, umepata mwingine, au unaufunga huo huo na tundu unaligeuzia nyuma? Mimi mwili upo. Bega la kulia linauma kama lilivyozoea, lakini nakula, na kazi ya mkokoteni haijakatika. Ninachokosa ni usingizi, na hilo ndilo lililonifanya nichelewe. Nitakueleza.

Uliniambia kwenye simu niandike kwenye karatasi, herufi zisimame moja moja, nisiziunganishe. Ndivyo ninavyoandika. Mkono unachoka, maana mara ya mwisho kuandika kitu kirefu nilikuwa darasa la tano na mwalimu amesimama nyuma yangu. Zamani nikituma ujumbe nilijua shemeji yako Hamisi ndiye atakayekusomea, kwa hiyo nilikuwa naandika habari za dawa ya mikorosho na afya ya Mama, basi. Hii Hamisi ataibeba tu kutoka stendi. Ya ndani ni yako. Kwa hiyo mengine nitayasema waziwazi. Ukikwama kwenye neno liruke, utalirudia baadaye.

Siku uliyonipigia kuniambia ushungi umeungua, ulikuwa unacheka. Ulisema uliinama kwenye kibatari kwa sababu maandishi yalikuwa madogo, ukasikia harufu ya kuungua, ukaanza kumtafuta aliyechoma nguo, kumbe ni wewe. Mimi sikucheka. Mama alipopiga marufuku kibatari kwenye chumba wanacholala watoto, nilimuunga mkono, ingawa nilijua maana yake ni nini. Mchana uko shambani, jioni uko jikoni, ukimaliza kuosha vyombo giza limeshaingia. Umeme umefika kwa mwenyekiti, kwetu imesimama nguzo tupu. Ukaniambia, "Nitafutie taa ya kusomea. Nisipopata, yote niliyofundishwa kisomoni yatanitoka."

Nikasema sawa. Nikakata simu, nikalala nisilale.

Nikwambie ukweli. Kesho yake kijiweni, tukiwa tumeegemea mikokoteni tunasubiri mzigo, niliropoka kwamba natafuta taa ya kusomea ya mke wangu. Mmoja akasema nimpe tu hiyo taa aanze kusoma meseji zangu. Mwingine akadakia kwamba mwanamke akishajua kusoma, hata talaka anaisoma kwanza, akikuta umekosea anakurudishia uandike upya. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikacheka. Lakini nikapata mzigo wa marobota ya vitenge, nikausukuma kwa hasira hadi mwenye mali akaniuliza nani kanitukana. Nilikuwa nawaza kwamba mimi niliishia la tano na zile herufi zangu zimeota kutu, wewe umeanza juzi na unakwenda mbio. Siku moja utakuwa unanisomea mimi.

Pamoja na hayo nilikwenda kununua. Huku kuna mtaa mzima wa vitu vya umeme, taa zimening'inia mpaka zinakugusa kichwa. Kijana mmoja mwenye meza njiani akanichukulia moja nyeupe. "Anko, hii ukiiwasha usiku, jogoo wa jirani anawika," akasema. Desturi ya hapa ni kujaribu kitu pale pale, maana ukishapiga hatua moja kutoka mezani hakuna kurudisha. Nami nikajaribu kama kila mtu anavyojaribu. Nikaiwasha saa sita mchana, nikaimulika kiganjani, nikaona inawaka kweli, nikalipa.

Chumba chetu unakijua kwa kusimuliwa. Tunakaa wawili, mimi na Bosco, yule Mngoni wa Songea anayepakia malori bandarini. Yeye huondoka alfajiri sana, kwa hiyo akishakula amelala. Usiku ule nikaiwasha ile taa. Bosco akanyanyuka, akavaa shati, akaanza kutafuta viatu. Nilipomuuliza anakwenda wapi akaniuliza mbona sijamwamsha na kumekucha. Alipojua kumbe ni taa, alinisema mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Nilichukua kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, nikajaribu kukisoma. Karatasi yote ikang'aa kama bati la juani, herufi zikawa zinaelea, machozi yakanitoka. Wadudu nao wakaja, sijui walikuwa wamejificha wapi. Nikafikiria watoto wamelala pembeni yako, na Mama upande wa pili wa pazia, na taa hii. Ungeambiwa uizime siku ya kwanza. Dukani tunajaribu kama taa inawaka, hatujaribu kama inasomeka. Ile nyeupe nimemuuzia mlinzi wa jengo letu, na amefurahi sana, anawamulika nayo hata watu wasio na hatia.

Ndipo nikamwendea Mama Hansa. Ni Mhindi mwenye duka la vifaa vya umeme, mimi ndiye ninayemletea katoni kutoka stoo yake. Ni mkali, haongei sana, lakini umeme ukikatika utamkuta kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, taa ndogo imebana kwenye rafu, anasoma kitabu chake cha dini kana kwamba hakuna duka. Nikamwambia nataka taa kama ile yake.

"Ya nani?"

"Ya mke wangu. Ya kusomea."

"Kitabu kiko wapi?"

Nikamwambia sina kitabu, nataka taa tu. Akanitazama juu ya miwani. "Issa, wewe unanunua kiatu, mguu umeacha nyumbani?"

Nikatoka nikiwa nimeudhika, nikaenda kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba barabarani, nikaokota cha bei rahisi kuliko vyote. Hakina jalada, hata jina lake silijui. Mama Hansa akanipeleka ndani kwenye stoo yake isiyo na dirisha, akanipa taa ya kwanza, akafunga mlango. Nikasoma kwa kidole, nikaona inanipiga machoni. Akanipa ya pili, ya pili ikawa inamulika mistari miwili tu, inabidi uisogeze kila mara. Ya tatu ina shingo inayokunjika na kibanio, mwanga wake ni wa njano, mpole, unakaa kwenye ukurasa hauendi kwingine. Nikaibana kwenye katoni, nikaendelea kusoma. Baadaye nikasikia mlango unagongwa. "Issa, umelala?" Sikuwa nimelala, Mama Shamimu. Nilikuwa ukurasa wa nne.

Nikaichukua. Lakini safari hii sikutaka kukosea, nikasema nitaijaribu kwanza chumbani, usiku, pamoja na Bosco, ndipo niitume. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Usiku wa kwanza Bosco hakuamka. Hapo hapo ningeifunga kwenye boksi. Nikasema hebu nijaribu na kesho, nione chaji inakaa muda gani. Usiku wa tatu nikasema nijaribu ule mwanga mdogo kabisa. Kumbe ni kile kitabu. Kinasimulia habari za mwanamke mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni ya reli. Kuna mgeni alipanga chumba, akalipa kodi ya muda mrefu, akamwachia sanduku lililofungwa na ufunguo wake, akasema anafika mara moja mahali na atarudi. Harudi. Yule mama kila siku anaingia kufuta vumbi, anaushika ufunguo, anaurudisha. Mimi unanijua, tangu nifike Bongo nikilala najigeuza mpaka Bosco ananiuliza kama nina kunguni. Mikokoteni inapita usiku kucha, jenereta zinanguruma, joto, na nyumbani kunanijia kichwani kote kwa pamoja, wewe, watoto, mikorosho, paa la jiko. Nikisoma kurasa mbili tatu, vyote vinanyamaza. Nalala.

Usiku mmoja nilijua Bosco yuko kwenye usingizi, mara nasikia sauti kutoka gizani: "Kafungua?" Nikamwambia bado. Akageukia ukutani. Siku hizi tukila ugali tunabishana. Yeye anasema mama yule asifungue, kwa sababu mtu akikuachia ufunguo ni ishara kwamba anakuamini, na anayekuamini atarudi. Mimi nasema akishakuachia ufunguo amekuruhusu, na sanduku lisilofunguliwa halimsaidii yeyote. Wewe ungefanya nini? Nataka kujua kweli.

Sikukuficha. Ulipopiga nilikwambia taa nimepata, naijaribu. Ulipopiga tena nikakwambia bado naijaribu. Ukasema, "Taa gani inajaribiwa kama ng'ombe wa mahari?" Tukacheka wote. Lakini juzi hukucheka. Ulisema ulisimama mbele ya gunia la salfa, ile dawa ya mikorosho, ukasoma mpaka katikati ya neno, halafu herufi zikakukatalia. Ulisema, "Nilikuwa nazijua, Baba Shamimu. Wiki ile nilikuwa nazijua." Kisha ukaniuliza kama Bosco hajambo.

Nimesukuma mkokoteni tangu juzi na maneno hayo. Kununua taa mbili siwezi mwezi huu, na hii simu yangu ya kitochi mwanga wake ni wa kutafutia funguo. Kwa hiyo taa ni moja, na usiku ni wa kwako au ni wa kwangu. Wewe umesubiri, mimi nimelala.

Kesho naipeleka Mbagala kwenye basi la Masasi. Bosco ameifunga mwenyewe kwa fulana yake ya zamani ili isivunjike. Kile kibao cheusi ni cha sola, kiweke juu ya paa asubuhi, mbuzi wasikifikie. Taa usiiweke mbele ya uso, ibane ubavuni, mwanga ushuke kwenye karatasi. Watoto wakilala tumia ule mdogo kabisa. Na Hamisi akija kuiazima kwenda kulinda korosho, mwambie ni ya kusomea, haijui kulinda.

Ndani ya boksi utakuta na kile kitabu. Kile kijitabu cha kisomo umekimaliza mara tatu, sasa unakisema kwa kichwa, na kukisema kwa kichwa si kusoma. Hiki hukijui. Kisome taratibu, hata kama kitakuchukua mpaka masika.

Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie taa hii haina moto wala moshi, na akitaka aishike mwenyewe aone ilivyo baridi. Msalimie shemeji yako Hamisi na mkewe, ambaye najua atataka kuijua barua hii ina nini. Msalimie mwalimu wenu wa kisomo, mwambie mwanafunzi wake anarudi. Shamimu mwambie baba yake anamletea daftari la picha, na mdogo wake mbusu kisogoni.

Jambo moja la mwisho. Kitabu sijakimaliza. Nimeishia pale yule mama anapoingia chumbani safari hii bila kitambaa cha vumbi, ana ufunguo tu mkononi, na anaufunga mlango nyuma yake. Kona ya ukurasa nimeikunja, utaiona. Zimebaki kurasa chache, unene wa ukucha, na leo Jumapili taa ipo na Bosco katoka. Ningeweza kumaliza kabla ya magharibi. Nilikishika, nikakiweka kwenye boksi, nikabandika gundi. Nikimaliza mimi, wewe utakuwa unakuja nyuma yangu. Nataka unipite. Ukifika mwisho usinipigie simu, na Hamisi usimtume kuniambia. Niandikie kwa mkono wako kwamba sanduku lilikuwa na nini, hata kama ni mistari miwili imepinda. Mimi nitaisoma mchana, kijiweni, mbele ya wale waliocheka.

Bosco karudi, ameniuliza sasa tutajuaje. Nimemwambia tunasubiri barua.

Mumeo, aliyesimama penye ukurasa uliokunjwa,

Issa, Baba Shamimu