Nilikuwa Mlimani, Sikuwa Kazini

Albert Park, Durban
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za huku mbali. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Furaha ameniambia umerudi kwaya, nikafurahi kusikia mdogo wangu akikuiga sauti kwenye simu. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio hauna amani. Barua hii nimempa mama mmoja wa kanisa letu anayekuja Goma. Tafadhali isome peke yako kwanza. Ningeweza kupiga simu, lakini Espérance, yule msusi Mrundi ninayekaa naye chumba kimoja, alinikatalia. "Eish, dada, andika," aliniambia. "Ku simu utamudanganya tena." Amesema kweli.

Mama, Jumamosi ile ya kuondoa matanga ya Baba mlinipigia nisali pamoja nanyi. Ukaniuliza, "Uko wapi, Neema? Iko kelele gani huko?" Nikajibu, "Niko ku kazi, mama. Ni wageni ya patron." Sikuwa kazini. Sikuwa hata Durban. Nilikuwa Italia.

Ile familia ya Morningside ninayowalelea mtoto ilikuwa inaenda likizo huko. Madamu alinipa nichague mwenyewe: niende nao kutembea tu, si kwa kazi, au nichukue hizo wiki mbili nikaione familia yangu. Nikachagua Italia. Nilitaka mara moja tu maishani kwenda mahali bila kukimbia kitu. Ndivyo nilivyojiambia.

Na unajua walinipeleka wapi? Kwenye mlima wa moto! Mama, watu wa huko wanakata tiketi kupanda volkano. Wanavaa kofia, wanabeba maji, wanapiga picha mdomoni mwake kabisa, na juu kuna kibanda kinauza shanga za mawe yake. Mimi nikapanda nao nikijifanya jasiri. Tulipofika ukingoni upepo ukageuka, nikasikia ile harufu ya kiberiti tuliyoikimbia Goma. Sikufikiri. Nilimdaka mtoto, nikamtupa mgongoni, nikamfunga kwa sweta yangu na kuanza kushuka mbio huku nikipiga kelele, "Tuende! Tuende!" Watu wakanipisha wakidhani mtoto ameumia. Madamu alinikuta chini ya kona ya pili, mtoto anacheka akitaka turudie.

Mchana tukaenda kwenye shamba la zabibu, palepale ubavuni mwa mlima, wanapotengeneza divai. Udongo mweusi kama wa mtaani kwetu. Mwenye shamba alisema moto wa mlima ndio unaoipa divai yake utamu. Madamu akamwambia, "Huyu ni wa Goma, nyumba yao ilifunikwa na moto." Wote wakanigeukia. Basi nikasimulia, Mama. Nilisimulia jinsi ulivyotoka na Biblia na sufuria moja, na jinsi Baba alivyorudi baadaye na nyundo, akavunja lile jiwe lililomeza nyumba yetu na kujengea nyumba nyingine. Nilisimulia vizuri mno. Wakanipigia makofi, wakanijazia glasi, na mimi nikanywa, matanga ya Baba hayajaondolewa. Tena naona aibu kusema kwamba nilijisikia vizuri.

Hapo ndipo simu yako ikaingia. Nilisali nanyi nikiwa kati ya mizabibu, glasi mkononi. Nikamsikia mjomba akisema sasa kitambaa cheusi cha msiba kifunguliwe kichwani pako, na wewe ukajibu, "Hapana. Kazi hiyo ni ya mtoto wa kwanza. Makaratasi yake yakikubali atakuja kunifungua." Watu wote wakanihurumia. Nami nikawaacha waamini hivyo.

Mpaka leo Furaha ananiambia umekivaa, hata kanisani.

Mama, ni kweli karatasi yangu ya ukimbizi inanikataza kuingia Kongo. Lakini Gisenyi ni Rwanda, si Kongo. Wewe unavuka mpaka kila wiki kununua viazi. Ningefika hapo, nawe ungevuka, na ningekufungua.

Na kuna jambo baya kuliko la Italia. Baba alipolazwa hospitali hukohuko Gisenyi, ulimwekea simu sikioni akaniuliza, "Unakuja siku gani?" Nikamwambia, "Hati ya kusafiria haijatoka bado, Baba." Ilikuwa imetoka. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Niliogopa kumuona yule mtu wa nyundo akiwa hawezi kuinua kijiko, nikaona heri nimkumbuke alivyokuwa. Aliishi siku tisa zaidi, Mama, akisubiri karatasi niliyokuwa nayo.

Nimeomba likizo ya Desemba na Madamu amekubali. Nitafika Gisenyi. Lakini usiendelee kubeba hicho kitambaa kwa ajili yangu. Ukiona Furaha ndiye anayestahili kukufungua, akufungue leo hii, nami nitakuja hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyemlisha Baba.

Nisalimie mjomba aliyesimama mahali pangu kaburini, na shangazi wa Sake aliyelala nawe siku zote za msiba. Msalimie Furaha sana, na umwambie asinitetee. Mchungaji pia unaweza kumsomea barua hii, ukitaka.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza, kama bado utaniita hivyo,

Neema