Safari Isiyo na Msiba

Mama yangu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye lile benchi la mbao hapa getini Ndabaka, tulipokaa mimi na wewe tukila viazi vitamu vya kuchemsha. Nasubiri gari la kuniingiza mbugani. Wanasema linaweza kuja saa yoyote, na linaweza lisije. Sina haraka. Unanijua, mdomo wangu mzito mbele za watu, lakini karatasi hainitazami usoni, basi ngoja nikueleze yote.

Nianze na vile vipeperushi vya watalii. Ulikuwa unaviokota vyumbani, kule hotelini ufukweni ulikokuwa unafua mashuka. Hoteli ilikuwa imeuzwa kwa mtu binafsi, wenzako wengi wakapunguzwa kazi, wewe ukabaki. Wageni wakaanza kuongezeka, na kila aliyeondoka aliacha karatasi zake za picha zikiwa zimekunjwakunjwa. Wewe ulizilaza chini ya shuka ukazipitishia pasi, ukaja nazo nyumbani Mabatini zimenyooka kama noti mpya. Baba alisema hajawahi kuona mtu anapiga pasi takataka.

Jumapili tukitoka kanisani tulikaa mlangoni, mimi nikasoma. Nilikuwa nimetoka shule ya msingi ya Kiswahili nikaingia sekondari ambako kila kitu ni Kiingereza, kwa hiyo nikawa mkalimani wako.

"Hapa wanasemaje?"

"Wanasema njoo uone uwanda usio na mwisho."

"Usio na mwisho kweli, au wanatafuta wateja?"

"Mimi nasoma tu, mama."

Tulienda kote siku hizo. Tulienda Zanzibar, tukapanda mlima wenye theluji, tukafika visiwa ambavyo hata mwalimu wangu wa jiografia nadhani hakuvijua. Lakini kila mara ulirudi kwenye picha moja, ile ya nyumbu wengi mpaka ardhi haionekani.

"Hawa si wako hapa hapa kwetu?"

"Ndiyo. Ukishapita Magu."

"Na mzungu anapanda ndege, analala angani, kuja kuwaona hawa wa hapa Magu?"

"Ndiyo, mama."

Ukaiinamia ile picha. Halafu ukauliza bei ya kuingia, nami nikakusomea, na bei ilikuwa ya dola. Siku hizo maduka ya kubadilishia fedha yalikuwa yameanza kuota mjini kama uyoga, pamoja na mitumba na televisheni. Tukipita, wewe ulisimama mbele ya ule ubao wa bei kama mtu mwenye akiba ndani. "Imepanda tena," ulisema. "Nyumbu wamesogea mbali kidogo."

Sikujua hamu yako ilikuwa kubwa kiasi gani mpaka siku uliponiambia, tukiwa tunaanua nguo.

"Kabula, mimi nimesafiri sana. Nimeenda Sengerema, nikamzika shangazi. Nimeenda Bunda, nikamzika mjomba. Kisesa ndiyo usiseme, ile njia naijua kwa machozi. Sijawahi kupanda basi mtu hajafa. Nataka siku moja niende mahali wote wakiwa wazima."

Baba alicheka aliposikia. "Siyo msiba, siyo harusi, siyo mgonjwa. Watu utawaambia unaenda wapi?"

"Nitawaambia naenda kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Kuangalia tu, baba Kabula. Macho si ninayo?"

Likizo ya Juni ukasema tunaenda. Kama dola hatuna, kusimama barabarani hakulipiwi dola, tutawatazama kutoka nje. Tukapanda basi la Musoma, wewe na khanga yako nzuri, mimi na kikapu cha viazi. Mama, lile basi! Hatujafika hata Kisesa, yule mama wa kiti cha mbele mwenye kuku akageuka.

"Poleni sana. Ni nani?"

"Hakuna mtu," ukasema. "Wote wazima. Tunaenda kuangalia wanyama."

Akakutazama. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya bega lako. Kisha akashusha sauti, lakini mimi nikasikia: "Nimeelewa, dada. Mtoto hajaambiwa."

"Hapana! Kweli kabisa, hakuna aliyekufa!"

"Ndiyo, dada. Nyamaza tu."

Ikaanza. Habari ikatembea kutoka kiti hadi kiti. Wa upande mmoja wakasema unanificha mimi, kama ilivyo kawaida, mtoto haambiwi mpaka afike. Wa nyuma wakasema hapana, mwangalieni anavyocheka, huyu ni yeye mwenyewe ambaye hajaambiwa. Mzee mmoja akamkemea konda apunguze redio. Konda akajibu, "Wafiwa gani hawa? Wana kikapu cha viazi!" Mzee akamwambia, "Na wewe siku yako itafika, tutakuona utabeba nini."

Ukanigusa kiwiko. "Waambie wewe. Wewe wataamini." Nikafungua mdomo, watu wote wakanitazama kwa huruma, nikaufunga. Hiyo ikawathibitishia.

Tuliposhuka, yule mama wa kuku akakufumbatisha kitu mkononi. Walikuwa wamechanga. Ulikataa, ukaapa, ukataka hata kukimbiza basi. "Mungu akutie nguvu," akasema dirishani, na basi likaondoka. Ukabaki barabarani na rambirambi ya mtu asiyekuwepo, tukacheka mpaka ukakaa chini.

Hapo getini ndipo tulipokuta ubao wa viingilio. Juu kulikuwa na Kiingereza na dola, ile ile bei niliyokusomea mlangoni Jumapili nyingi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na mstari wa Kiswahili. Wananchi. Na bei yake ilikuwa ya shilingi, mama, haikufika hata bei ya kuku. Miaka yote nilikuwa nakutafsiria bei ya watu wengine. Ulisoma mwenyewe, ukapitisha kidole juu ya herufi, ukamuuliza askari, "Mwananchi, ndiyo mimi?"

"Kama siyo wewe ni nani, mama? Ila kwa miguu haingii mtu. Tafuteni gari."

Gari gani? Tukakaa kwenye benchi, tukala viazi, askari naye tukampa. Nadhani viazi ndivyo vilivyosaidia, maana lilipokuja gari linalopeleka unga kwa askari wa kituo cha ndani, yeye ndiye aliyezungumza na dereva. Ulilipa kiingilio kwa pesa ya rambirambi. "Na wao watakuwa wameingia," ukasema.

Kilichofuata sijawahi kumsimulia mtu, kwa sababu kila nikijaribu maneno yananipungukia, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Tulikuwa tumekaa nyuma juu ya magunia. Kwanza palikuwa na majani tu. Halafu nikadhani naona kivuli cha wingu, nikatazama juu, na mbingu ilikuwa tupu. Kivuli kilikuwa kinatembea. Dereva akazima injini na hapo tukawasikia kabla hatujawaona vizuri, mguno mmoja mrefu usiokatika, kama kanisa zima linalosali kwa sauti ya chini. Wakaja. Wakapita mbele, wakapita nyuma, pundamilia wakiwa katikati yao. Walitugawa kama maji yanavyogawanywa na jiwe, na hakuna hata mmoja aliyetujali. Niliona ndevu zao. Niliona ndama anakimbia huku bado anajifunza miguu yake. Nilijaribu kutafuta wanapoishia, nikashindwa.

Nikakutazama wewe. Wewe unayeongea na kila mtu sokoni, sasa ulikuwa unatazama tu. Ulikuwa umeshika ubavu wa gari kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine, vidole vyako vikavu kwa sabuni. Baada ya muda mrefu ukasema polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu:

"Kabula. Na hakuna mtu aliyekufa."

Njiani kurudi hukuacha kutazama nje. Ziwa lilipotokea upande wa kulia ukalitazama nalo, ziwa tulilozaliwa tukalikuta, ukasema, "Na hili pia lipo kwenye karatasi zao, sivyo?" Ukanifundisha pale pale kwamba kuangalia hakuhitaji kufika mbali.

Ndiyo maana siku ile nyingine niliangalia.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimehamishiwa shule ya bweni Sengerema. Baba mdogo akaja shuleni, akasema mama yako anaumwa kidogo, anataka kukuona. Nikapanda naye kivuko. Alinong'onezana na watu wawili watatu, mimi sikujali. Watu walikuwa wema siku ile, mama! Mtu akanipisha mahali pazuri penye ukingo. Mama mmoja nisiyemjua akaninunulia soda, akanifungulia mwenyewe. Nikafikiri, kumbe mtu akisafiri peke yake dunia inakuwa laini hivi. Maji yalikuwa yametulia, yana rangi ya bati jipya. Ndege weupe walikuwa wanafuata nyuma yetu. Mawe ya Mwanza yakaanza kuinuka mbele, moja juu ya jingine, kama yamepangwa na mtoto anayecheza akaitwa kula. Nikasema nikifika nitakusimulia. Nikayahesabu yale makubwa ili nisisahau.

Kisha nyumbani nikaona turubai. Nikaona viti vya kuazima na wanawake wamekaa chini. Ndipo nikaielewa ile soda.

Walinificha, kama lile basi lilivyodhani. Kwa muda mrefu moyo wangu ulikataa kukumbuka kwamba siku ile ziwa lilikuwa zuri. Lakini lilikuwa zuri, mama. Nilikuwa naliangalia kwa ajili yako, na wakati ule, kwangu mimi, wote walikuwa wazima.

Basi juzi nilimwambia baba nataka kwenda Ndabaka. Akauliza, "Nani amefiwa huko?" Nikasema hakuna. Akageuza uso, halafu akatoa nauli. Akasema, "Chemsha na viazi."

Leo asubuhi kwenye basi nilikaa na bibi mmoja anayeenda Bunda, ana karanga kwenye kitambaa. Hatujafika Kisesa.

"Pole, mjukuu wangu. Ni nani?"

Mama, jibu la kweli nilikuwa nalo. Ningesema tu "mama" na angenishika mkono, basi zima lingeninyamazia, na nisingelazimika kuongea tena mpaka mwisho wa safari. Nikafungua mdomo. Watu wawili wa mbele wakageuka.

"Hakuna aliyekufa, bibi. Naenda kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Nyumbu."

"Bure tu?"

"Siyo bure, bibi. Wananchi tunalipa shilingi."

Akacheka, akataka nimweleze. Nikamweleza! Mimi! Nilimweleza habari ya pasi, na ubao wa dola, na mama wa kuku, na wewe juu ya magunia ya unga. Magu tulipita sikuiona. Nilipoinuka kushuka, akafungua kitambaa chake, akanijazia karanga viganjani.

"Hii siyo rambirambi," akasema. "Ni ya kutafuna ukiwa unaangalia. Na mimi niangalizie."

Sasa jua limepanda. Askari ni mwingine, lakini viazi amekula. Nimeuliza nyumbu wako wapi, amesema wiki hii hawajasogea huku, pengine nisione kitu zaidi ya majani. Nimemwambia hata majani nimekuja kuyaona. Yanainama yote kwa pamoja upepo ukipita, yanainuka, yanainama tena, mpaka kule ambako macho yangu yanakoma. Sijui kwa nini hayo hawakuyapiga picha.

Nasikia injini upande wa barabara, askari ananipungia mkono nisimame. Karanga nimekuwekea nusu yako kwenye khanga yako, ile nzuri, ndiyo niliyojifunga. Lala salama, mama. Wa nyumbani wote wazima, na mimi nimekuja kuangalia.

Mwanao,
Kabula