Baba, Ile Mizizi Nimeipima

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Mvua imeshafika Karatu, au bado mnaitazama tu ikinyesha upande wa Ngorongoro? Na goti lako je? Mimi huku Ujerumani mwili ni mzima, lakini tangu juzi nimepigwa na butwaa.

Jana nilipopiga simu nilitaka kusema. Ukaanza kunisimulia unavyomchemshia mama supu ya mizizi kila asubuhi, na anavyoimaliza. Nikashindwa. Ndiyo maana naandika; barua naipiga picha namtumia dada Neema, akusomee polepole.

Kazi yangu maabarani ni kukuza seli za saratani kwenye visahani, kuzitia dawa, kisha kuzimulika kwa mwanga usioonekana, wa jamii ya lile joto unalolisikia ukikaa karibu na jiko. Kompyuta inachora mstari wenye vilima na mabonde. Dawa ikifanya kazi, vilima vinasogea hata kabla seli hazijafa. Basi nilichukua dawa ileile ya saratani anayomeza mama, nikaichanganya na maji ya mizizi niliyobaki nayo begini, ile ambayo nilipokuja nyumbani niliinunua mnadani kwa yule mama wa Kimaasai kutoka Endulen. Nilitaka kujivuna, Baba. Nilitaka profesa wangu aone kwamba kwetu kuna dawa.

Seli zilizopata dawa peke yake, vilima vilisogea. Zilizopata dawa na mizizi, mstari ulibaki palepale, kana kwamba hazijaonja kitu. Nikadhani nimechanganya visahani. Nikarudia mara tatu, ikawa vilevile. Profesa akasema seli za kisahani si mtu, huenda mwilini mambo ni tofauti. Halafu akaniuliza, "Kuna mtu anayekunywa hivi vitu pamoja?" Nikatoka nje kukupigia ile simu ya jana.

Nakuomba usimpikie tena supu ile, kuanzia leo. Vidonge asiache hata kimoja. Mizizi iliyobaki mpelekee daktari umweleze yote. Alipotuuliza kama mgonjwa anatumia kitu kingine, sote tulisema hapana, maana kwetu supu si dawa, ni chakula cha mgonjwa. Wala usimlaumu yule mama wa mnadani. Aliniuliza kama kuna dawa za hospitali, nikamwambia hakuna, nikiogopa asije akakataa kuniuzia.

Nisalimie shangazi Martina anayetukamulia ng'ombe, na mjomba Damiano, mlinzi wa shule.

Mama nimemweka mwisho kwa sababu naona aibu. Asubuhi ile ya kwanza alikisukuma kikombe, akasema vidonge vinamtosha. Ni mimi niliyemwambia, "Kunywa mama, mimi ndiye ninayesomea haya." Akanitazama, akanywa chote. Mwambie yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Ni mimi binti yako,
Paskalina