Mche Ambao Nyemo Hakuukata

Jumamosi, mwezi wa nane. Upepo tangu alfajiri.

Ni ule upepo wetu wa Dodoma wa msimu huu, usioleta mvua, unaokuja na vumbi tu na kulilaza juu ya kila kitu. Nimefuta meza hii asubuhi na sasa ningeweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Macho yananiwasha. Ningependa kusingizia vumbi.

Mliozoea kupita kwenye blogu hii mmezoea picha za sabuni. Leo hakuna picha. Nina vipande vya sabuni nzuri kuliko zote nilizowahi kuziweka humu, na siwezi kuvipiga picha.

Kwa anayepita leo kwa mara ya kwanza: mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali, nakaa Chang'ombe ya hapa Dodoma, na siku ambazo siendi kazini natengeneza sabuni za rangi nyumbani. Si biashara. Tulianza mimi na mdogo wangu Nyemo baada ya kuona video kwenye simu, tukasema hata sisi tunaweza, na sabuni yetu ya kwanza ikamchubua jirani mikono. Tukanunua mizani.

Tangu hapo mimi nikawa wa mizani, yeye wa kumimina. Napima mafuta ya nazi, mawese na alizeti, napima kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, naikoroga kwenye maji uani huku nimegeuza uso ule mvuke usinipate. Vikishapoa nachanganya mpaka viwe kama uji mwepesi. Hapo ndipo Nyemo alikuwa akininyang'anya jagi. Anagawa uji, kila jagi na rangi yake, anamimina moja juu ya nyingine kwenye boksi la mbao, kisha anapitisha waya katikati taratibu, na rangi zinafuatana na waya ule zikijikunja. Mkono wake haukuwa na haraka. Mimi nikijaribu zinavurugika.

Na sabuni ya namna hii ina siri moja. Ukishamimina huoni ulichotengeneza. Unafunika boksi kwa taulo, unasubiri kesho yake igande, unakata, na ni pale kipande cha kwanza kinapoanguka ndipo unajua. Nyemo alikuwa akipiga kelele mpaka majirani wanauliza kuna nini. Mimi niliipenda ile kelele kuliko sabuni yenyewe.

Alikuwa na ugonjwa wa kupenda rangi ya zambarau. Alifanya kazi za msimu kwenye mashamba ya zabibu kule Makutupora, na kila jioni ya mavuno alirudi na maganda kwenye mfuko, vidole vimebadilika rangi. Alitaka zambarau ile ile iingie kwenye sabuni. Haikuingia hata mara moja. Kostiki inaila, inageuka kahawia. Nilimwambia tununue rangi ya dukani, akanijibu, "Dada, ya dukani hata wewe utaweza."

Ya mwisho aliimimina peke yake, Jumapili baada ya ibada. Nilimpimia kila kitu nikaenda kwenye kikao cha harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Niliporudi boksi lilikuwa limeshafunikwa na yeye anatabasamu kwenye kochi. Alikuwa amechanganya manukato mapya, mchaichai, mkaratusi na kitu kingine alichokataa kunitajia. Wiki kadhaa kabla ya hapo alikuwa akiyajaribu mchanganyiko kwa mchanganyiko, anajipaka kwenye kifundo cha mkono na kwenye upindo wa khanga, ananiletea puani. Hata alipokwenda Mvumi kumwona Mama alinukia hivyo.

"Kesho tunakata," akasema.

Kesho yake aliamka kichwa kinamuuma. Wiki ile ile tulimzika Mvumi, nyuma ya nyumba ya Mama, kando ya kaburi la Baba.

Sikuikata. Kila mtengeneza sabuni anajua kwamba inakatwa mapema ikiwa bado laini, kwamba ukiiacha inakuwa ngumu na inaweza kupasuka chini ya kisu. Nilijua, na sikuikata. Niliitoa kwenye boksi, nikaizungushia karatasi ya kaki, nikaiweka kwenye rafu ya stoo na kuifunika kwa khanga. Nilijiambia nasubiri nipate nguvu. Ukweli ni kwamba maadamu haijakatwa, bado kuna kitu kimoja Nyemo hajakimaliza, na mtu mwenye kazi isiyokwisha si lazima arudi?

Najua haya si maneno ya mtu mwenye akili timamu. Naimba kwaya. Siamini mizimu.

Lakini nimekuwa nikimsikia. Simaanishi sauti. Kuna siku nilipita kwenye korido nikakutana na harufu yake, nzima, kama mtu aliyetoka kuoga na kupita mbele yangu. Nilisimama nikasema, "Nyemo?" Nikajijibu mwenyewe kwamba ni ile sabuni ya stoo na mlango uko wazi. Kuanzia siku hiyo sikuufunga tena ule mlango.

Nimejaribu kutengeneza sabuni tangu afe. Zote zimeharibika. Uji unaganda kabla sijamaliza kugawa rangi, au mafuta yanajitenga yanaelea juu. Mara ya mwisho vipimo vilikuwa sawa kabisa, uji umekaa vizuri, nikachukua jagi la kwanza, nikageuka kushoto na kulinyoosha.

Nilikuwa nampa ashike.

Nilibaki nimesimama hivyo hivyo mpaka mkono ukachoka, na nawaambia kwa dhati yangu, sikuhisi kwamba hakuna mtu. Nilihisi kwamba kuna mtu ambaye hapokei.

Mama alikuja juzi kutoka Mvumi. Kesho ni arobaini ya Nyemo, na kwa kuwa nguo zake zote ziko kwangu alikokuwa akiishi, wazee waliamua ndugu wakutane hapa wazigawe. Kwetu nguo za marehemu hazigawiwi hivi hivi. Zinafuliwa kwanza, zote, hata zilizo safi, mpaka jasho la mwenyewe litoke, ndipo mtu apewe avae. Ukimwuliza Mama sababu atakwambia ni usafi tu, yeye ni mtu wa kanisa. Bibi yetu alikuwa akisema wazi kwamba nguo yenye harufu ya mwenyewe inamvuta arudi kuitafuta.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni Majengo kununua mchele na nyama ya wageni. Nilimwacha Mama anachambua mlenda. Niliporudi kamba zote za uani zilikuwa zimejaa.

Gauni la kijani. Sketi ya kazini iliyopauka magotini. Kitenge cha harusi ya binamu. Sweta. Zote zinapepea kwa upepo ule, zinajaa kifuani na kuishiwa, na mimi nimesimama getini na kapu mkononi nikishindwa kuingia kwenye nyumba yangu mwenyewe. Kisha upepo ukageuka ukanielekea.

Alikuwa Nyemo. Hakuwa wa korido ile, wa kupita. Alijaza ua mzima.

Nilikimbilia stoo. Khanga ilikuwa imekunjwa vizuri, kama Mama anavyokunja. Rafu ilikuwa tupu.

Mjue kwamba Mama alizaliwa na kukulia kwenye sabuni ya mche. Unanunua mche mrefu, unakata kipande cha kutosha shughuli ya leo, mwingine unauweka. Ameingia stoo kutafuta sabuni ya kufulia, ameona kitu kirefu kimefungwa kwa karatasi, juu kimeota ule ukungu mweupe unaoota kwenye sabuni ya nyumbani, pembeni cheupecheupe. Angedhani nini kingine? Ameuweka juu ya jiwe la kunolea, ameweka kisu, amekigonga kwa mchi. Vipande vilikuwa karibu na karo la kufulia, vingine vimevunjika pembe. Robo tatu ya mche ilikuwa imebaki. Robo nyingine ilikuwa imeingia kwenye nguo na kwenye mtaro.

Nilichuchumaa nikaokota kipande kimoja.

Zambarau haikutokea. Ilikuwa kahawia, kahawia ya barabara ya kwetu baada ya gari kupita, ndani ya nyeupe na ile njano ya bizari. Ila ule mkunjo! Sijawahi kuona mkono wa mtu ukitulia hivyo. Mistari myembamba kama nywele, inazunguka, inarudi, hakuna hata mmoja uliokatika. Nilisikia ndani ya masikio yangu kelele ambayo angeipiga, halafu matusi ambayo angezitukana zabibu. Nilitaka kumkasirikia Mama. Nilifungua kinywa kabisa.

Nikamwona. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, mikono imelala mapajani kiganja juu, imekunjamana kwa maji. Alikuwa anatazama zile nguo na hakuwa anapepesa macho.

"Umerudi, mwanangu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata siku ya mazishi: "Nimezisuuza mara mbili. Nikarudia na maji mengine. Hatoki."

"Nani, Mama?"

"Usiniulize nani na wewe unamnusa."

Mama yangu, ambaye aliwahi kuzima redio kwa sababu mtu alikuwa anasimulia habari za wachawi, akaniambia anaogopa. Kwamba amefua mpaka viungo vinamuuma na kadiri anavyofua ndivyo mtoto anavyozidi kuja. Kwamba huenda tulimzika na neno lake moyoni. Kwamba kesho hawezi kumvalisha shangazi yangu nguo ambayo mwenyewe bado yumo. Alitaka nimpigie simu katekista aje aombe kabla wageni hawajafika. Akaongeza, akitazama pembeni, "Au tusiombe. Akae kidogo."

Nikabaki na kile kipande kiganjani.

Nilikuwa na jibu lote la mambo haya na lilikuwa na uzito wa andazi. Nikisema, hofu itamtoka. Lakini na mgeni wake atakuwa ameondoka, na mahali pake nitamwekea habari kwamba kitu cha mwisho alichokishika mwanaye kwa mapenzi amekifulia sketi na soksi. Nikinyamaza, atakaa usiku na mchana akimngoja mtoto anayeamini hajapumzika. Nawafahamu wanaongoja. Nimekuwa mmoja wao tangu mazishi, na najua inavyokula mtu.

Nikaketi kando yake. Nikamwambia. Kwamba sabuni ile haikuwa yangu, ni ya Nyemo, aliimimina Jumapili ile, na harufu ile aliichanganya mwenyewe akatembea nayo mwilini wiki nzima nzima. Kwamba hajarudi. Ni sabuni tu, Mama.

Niliposema "ni sabuni tu" sauti ilinikatika, maana na mimi ndiyo mara ya kwanza nilikuwa naisikia.

 Nilingoja Mama alie, au ajilaumu, nikawa nimeshaandaa maneno ya kumtuliza. Akachukua kipande kutoka mkononi mwangu. Akakigeuza, akafuata ile mistari kwa ukucha wa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anasoma.

"Mkono wake huu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Unajua kutengeneza kama hii?"

Nikamwambia hapana. Kumimina siwezi, na kile kitu cha tatu kwenye manukato hakunitajia.

Akatikisa kichwa kukubali. Aliinuka, akaenda kwenye vile vipande karibu na karo, akavipitia kama anavyochagua nyanya, akachukua kimoja ambacho hakikuvunjika pembe. Akakifuta vumbi kwa khanga yake. Akakifunga kwenye ncha ya khanga, fundo juu ya fundo, pale anapofungia vitu vyake.

"Siku yangu ikifika," akasema, "mtaniogeshea hii."

Akaingia ndani kuendelea na mlenda.

Mimi niko hapa mezani tangu wakati huo. Nguo zimekauka, nimezianua na kuzikunja, na kesho kila mtu ataondoka na yake, na nitajifunza kukutana na harufu hii mgongoni mwa shangazi bila kugeuka. Mlango wa stoo nimeufunga.

Kuna kitu sikumwambia Mama. Manukato hayakai kwenye sabuni. Hata uifunge namna gani, yanapungua mwezi kwa mwezi, na baada ya miaka kadhaa unabaki na kipande kizuri chenye rangi kisichonukia chochote. Aliyetengeneza sabuni anajua, na mimi ninajua, na bado nilimwitikia, "Sawa, Mama."

Sijaomba vizuri tangu tumzike mdogo wangu. Leo nimepata la kuomba. Naomba siku hiyo ya Mama ichelewe kiasi kwamba, nikilifungua lile fundo na kukisogeza kipande puani, nisisikie harufu yoyote.