Sitamwomba Profesa Radhi

Jomvu Kuu, 3 Machi 2025

Jalila mwanangu,

Assalaam alaikum. Huku tu wazima, ila goti la mamako linamsumbua. Wewe je, hujambo? Au na hilo utanificha?

Rashad nduguyo ameniambia profesa alikutoa kwenye utafiti tangu mwaka jana. Mwaka jana! Na mimi kila Ijumaa nje ya msikiti najisifu: binti yangu yuko Ujerumani, anapima mawimbi yatokayo kwenye nyota. Kumbe nasema uongo. Mwombe radhi mzee wa watu akurudishe. Mkubwa hajibizwi!

Babako

Hannover, 11 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mpe Mama pole.

Radhi ya nini? Nyota mbili zilizokufa zikigongana, mtikiso wake husafiri hadi kwetu kama wimbi. Profesa ameshikilia maisha yake yote kwamba nguvu ya uvutano huvuja njiani, hivyo wimbi la mbali hutufikia limefifia kupita kiasi. Nikapima. Halikufifia kupita kiasi. Nadharia yake haisimami. Akaniambia, "Futa hayo matokeo." Nikamwambia, "Sifuti." Akanifukuza mbele ya wenzangu wote.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utamtetea. Na umemtetea, hata hukuniuliza kisa!

Jalila

Jomvu Kuu, 20 Julai 2025

Jalila,

Marahaba. Goti la mamako limepoa. Kimya changu kilikuwa cha hasira, nisikudanganye.

Barua yako nilimpelekea Munga, mwalimu wa fizikia hapa. Akaisoma, akasema, "Mzee Mbwana, angefuta angekuwa mwongo." Nikarudi nyumbani, nikaisoma upya mwenyewe.

Ijumaa iliyopita wenzangu wa msikitini wakaniuliza habari zako. Nikawajibu kwa sauti, "Amefukuzwa. Kaambiwa afiche ukweli, akakataa." Wallahi, huyo profesa ningemkuta hapa angenisikia!

Lakini wewe usidhani nimekusamehe. Mwaka mzima umeonewa ugenini, unalia peke yako, na mimi babako ni hai. Ulinionaje? Ati nitamtetea! Ni kweli, nilimtetea, na hilo ndilo linaloniuma.

Mamako ameshakufulia mashuka. Njoo nyumbani, upumzike, kisha utafute pengine pa kuupeleka utafiti wako. Nina maneno mengi ya kukugombeza, na haya siyaandiki. Nataka nikuone uso.

Babako