Kichuguu Nilichokisingizia

Kijijini, Handeni

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na kuku wameacha kufa. Sisi tunapumua. Asha ameota meno mawili, ananing'ata akinyonya, na shamba la ujamaa halimngoji mwenye mtoto mchanga. Nikichelewa kidogo tu, balozi wa nyumba kumi anauliza niko wapi. Lakini sikuandikii ili kulalamika. Halima mdogo wangu, msomee mama mkiwa wawili tu, na usiruke neno.

Mama, nimekukana.

Mvua zilichelewa huku, mboga ikawa mlenda mkavu kila siku. Lori la kijiji lilipopeleka mahindi Korogwe, nilimwomba baba Asha aniletee magunia mawili ya makapi ya mkonge. Nikayalundika kivulini nyuma ya jiko, nikayafunika kwa majani ya mgomba, nikawa nayanyunyizia maji ya kusuuzia vyombo, kama ulivyokuwa ukifanya kambini, kwenye shamba la mkonge. Mama mkwe alipouliza, nikamwambia ni mbolea. Uyoga ulipotoka niliuwahi alfajiri, kabla haujafunguka na kuyeyuka ukawa mweusi kama wino. Nikaupika kwa karanga.

Mama mkwe alilamba vidole. Jirani yetu Mama Zaina naye alikuwepo, akasema, "We mwali wa Korogwe! Sisi tunatazama mawingu, mwenzetu anakula uyoga. Umeutoa wapi?"

Nilipoolewa hapa waliniita binti wa manamba, mla vya jalalani. Ilichukua muda mrefu hadi wakaacha. Nikaogopa yasianze tena. Nikanyoosha mkono: "Kwenye kichuguu, kule bondeni."

Huku mwanamke hahojiwi zaidi kuhusu kichuguu chake kinachoota uyoga. Ni siri yake na binti yake. Basi uongo wangu ukapita.

Kesho yake Mama Zaina akashuka bondeni na kikapu. Manyunyu yalikuwa yamepita, akakuta uyoga mweupe. Siku zote uyoga wa kwanza wa msimu hupelekwa kwa bibi mmoja mzee auangalie kwanza. Safari hii hakuupeleka, maana aliamini mimi nilikuwa nimekwisha kuula wa bondeni na nilikuwa mzima.

Walitapika yeye na Zaina mpaka jioni, wakabebwa kitandani hadi zahanati. Wamepona, alhamdulillahi. Lakini kisimani wanawake wakamfanya kichekesho. "Mzigua gani asiyejua uyoga?" "Muulizeni kama mlenda anaujua!" Na mimi, mama, nilikuwa pale na ndoo yangu. Nikacheka nao.

Siku ya nne nikashindwa kuvumilia. Nikampeleka Mama Zaina nyuma ya jiko, nikafunua majani. Akatazama, akatazama.

"Sasa ulikuwa unamwogopa nani? Mimi?"

"Niliona haya watu kujua mama alitulea kwa huu."

"Mama yako aliwapa wa jalalani mkaishi," akasema. "Wewe umenipa wa porini, nusura nimzike mwanangu. Kawaambie hao wanaonicheka."

Akaondoka bila kuniaga.

Jana nikawaambia, pale pale kisimani, na mama mkwe akiwepo. Nilisema yote: makapi, kambi, na jina lako nikalitaja. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mkwe akajitwisha ndoo yake akaenda, na tangu jana chakula changu hakigusi. Mama Zaina hanisemeshi. Simlaumu.

Sasa mawingu yamekuwa mazito, wenzangu wanatengeneza vikapu wakingojea uyoga wa msituni. Sijui kama wataniita. Lundo langu silibomoi. Baba Asha alitaka alitupe, nikamwambia hapana, na sasa silifichi tena.

Msalimie shangazi yangu wa Makuyuni, na mjomba Rashidi aliyenisomesha, mwambie elimu aliyonipa naitumia leo kwa jambo gumu. Bibi mpe shikamoo yangu.

Mama, nisamehe. Kama bado huwezi, mwambie Halima aandike hivyo hivyo, asipambe. Nitaipokea barua yenu, nitampa baba Asha aisome kwa sauti, mama yake akisikia.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi