Aliyeruka na Parashuti ni Mimi, Anayesifiwa ni Mume Wangu

Bi Mwaisha mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana jambo lenyewe siwezi kumwambia jirani wala mama yangu mzazi, na kila nikienda kanisani kuungama namkuta mjomba wa mume wangu amekaa benchi la nyuma anasali rozari, basi narudi nyumbani nalo vilevile.

Mimi ni mkulima wa kabichi na stroberi huku milimani Uluguru, juu ya Bigwa, mazao nauza soko la Mwembesongo, na nina mume mzuri tu, hanipigi, halewi ovyo, na humu nitamwita Stefano ingawa silo jina lake. Sisi Waluguru, kama hujui, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mkubwa wa mume wangu siyo baba yake bali ni mjomba wake, naye nitamwita Mjomba Tomasi, ndiye mndewa, yaani mkubwa wa ukoo, ardhi yote ya mgongo ule wa mlima iko mikononi mwake, na siku akichoka, jina lake na kiti chake vitakwenda kwa Stefano.

Sasa tangu hii biashara huria ianze tumeona mengi, mabanda ya video, mitumba, magazeti ya kila rangi kama hili lenu, lakini mwaka huu akaja kijana mmoja Lukasi, mtoto wa hapahapa Morogoro aliyekaa Ulaya, na huko kazi yake ilikuwa kurusha watu juu ya mji wa pwani kwa parashuti ya kitambaa, wawili wawili, rubani nyuma na abiria mbele, injini hakuna, mnakimbia mteremkoni mpaka ardhi inawaishia miguuni halafu mnapaa. Akataka awarushe watalii kutoka kwetu kilimani washukie uwanja wa mpira huko mjini. Mjomba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwetu hata njia mpya ya shambani haipiti mgeni kabla mtoto wa ukoo hajaipita, kwa hiyo na hiyo njia yako ya hewani atatangulia mtoto wa ukoo, naye ni Stefano.

"Nitaruka," Stefano akajibu mbele ya wazee wote, tena kwa sauti. Nyumbani hakula.

Siku ilipofika wazee wakashuka mapema uwanjani na ngoma zao, huku juu tukabaki mimi, Stefano, Lukasi na dereva wake Kondo mwenye Landrova. Stefano akavaa ovaroli la bluu, kofia ngumu, miwani ya kuzuia vumbi na kitambaa puani kwa ajili ya baridi, hata mama yake asingemtambua, akafungwa mikanda, akautazama mji kule chini, na miguu ikakataa. Bi Mwaisha, sikumcheka. Alikaa chini kwenye majani akaniambia, "Mke wangu, siwezi." Lukasi akasema basi, tushuke tukamweleze mzee, hakuna anayelazimishwa. Stefano akaniangalia. Sisi tuna kimo kimoja, hata siku ya harusi watu walitutania kwamba tutaazimana suruali. Sijui nani alilisema kwanza lile neno la kubadilishana, nadhani ni mimi.

Basi nikavaa mimi. Lukasi akasema kimbia na usikae mpaka nikwambie, nikakimbia kama nafukuza nyani shambani, mara nikaona nakimbiza miguu na chini hakuna kitu. Nilidhani nitapiga kelele, nikacheka. Nilicheka mpaka Lukasi akauliza huko nyuma kama nalia. Halafu tukaingia mahali hewa ya joto inapopanda, ikatunyanyua kama mtu amekushika makwapani, na nikaona shamba langu, Bi Mwaisha, miaka yote nalima nikijua matuta yangu yamenyooka, kumbe yamepinda vibaya kuliko ya jirani ninayemsema. Nikaona bwawa la Mindu, upande mmoja jeusi na upande mmoja rangi ya chai ya maziwa, nikaona mabati ya Mwembesongo yalivyoshika kutu, mabasi ya Msamvu, reli, mistari ya mkonge. Na kule juu si kimya. Nilisikia jogoo, nilisikia nyundo ya fundi, nikasikia mwanamke anamwita mtoto akaoge na mtoto haitiki. Nikasikia harufu ya maharage ya mtu yanaungua. Nikamwambia Lukasi mwenye maharage hana habari kwamba huku juu tunajua.

Lukasi akazungukazunguka makusudi ili Landrova ifike, tukashuka uwanjani, nikaanguka kwa makalio lakini salama. Aliyetufikia wa kwanza ni Mjomba Tomasi. Mimi siwezi kufungua mdomo, sauti itaniumbua, kwa hiyo nikasimama pale kama mtoto asiye na adabu, nimetoka mbinguni na mjomba simwamkii. Akaniwekea mkono begani. Kisha akaangalia chini, kwenye raba zangu za mtumba zenye kamba za waridi, akaziangalia kitambo, akacheka kidogo, akasema, "Kapumzike kwanza garini." Nikaenda garini, Stefano alikuwa humo amejilaza na ovaroli la pili la bluu, nikaingia mlango huu yeye akatokea mlango ule, nikalala sakafuni chini ya turubai, nikasikiliza vigelegele vyangu vikipigiwa mtu mwingine.

Hapo sikuumia, wallahi sikuumia, nilijua tumeokoa heshima yetu. Kinachoniua ni baada ya hapo. Stefano anasimulia. Anasimulia kilabuni, anasimulia msibani, anasema kule juu ni kimya kitupu, watu wadogo kama sisimizi, na kwamba Lukasi alikuwa anatetemeka yeye akawa anamtuliza. Siku moja mbele ya wageni nikasema tu, kwa upole, nasikia bwawa la Mindu kutoka juu lina rangi mbili, akanigeukia akaniambia, "Wewe umejuaje, hukuwepo." Na Bi Mwaisha, tangu siku ile mpaka leo hajawahi kuniuliza, hata tukiwa wawili tu, ilikuwaje.

Sasa limezuka jingine. Mjomba ametangaza kwamba mwezi ujao, Jumapili ya sherehe ya ukoo, kabla hajamkabidhi Stefano kiti cha ukoo, Stefano ataruka tena, na safari hii bila miwani wala kitambaa, wazee waone uso wa mtu wao. Stefano amenifuata jikoni akaniambia tutafanya kama siku ile, wewe utajua la kufanya. Mimi safari hii siwezi kabisa, hata ningetaka, maana wiki iliyopita nilikwenda zahanati kwa ajili ya kichefuchefu na nesi akaniambia (hapa nimekata mistari miwili, siyo ya gazeti. Mwaisha) na yeye Stefano bado hajui. Nikisema ukweli, mume wangu anakosa kiti na anachekwa mpaka Mzumbe. Nikinyamaza, anafungwa mikanda mbele ya watu wote na miguu ile ninaijua. Nifanye nini?

Nakuomba jibu ulitoe gazetini, usinitumie kwa posta, kwa sababu barua zetu zote zinakuja kwa sanduku la parokia na anayezichukua ni Mjomba Tomasi mwenyewe. Gazeti lenu analinunua pia, ila macho yake yamechoka, Stefano ndiye humsomea kwa sauti barazani kila Jumapili baada ya misa, familia yote tukiwepo, lakini naamini hawasomi kurasa za wanawake.

Ni mimi,
Mke wa Aliyeruka, Morogoro

BI MWAISHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole. Ila pole yangu ni ndogo, kwa sababu nimecheka mpaka mpiga chapa akaja kuchungulia kama niko salama.

Tuanze na hilo jina ulilojipa. Umekimbia mteremkoni, umepaa, umenusa maharage ya watu angani, halafu unaniandikia unajiita mke wa aliyeruka. Mume wako kakufuta mara moja pale uwanjani, wewe unajifuta mara ya pili kwa mkono wako mwenyewe. Mnasaidiana vizuri sana katika kazi hiyo.

Kosa lenu la kwanza nalielewa. Mtu akiogopa, mwenzake anamshika mkono, ndiyo ndoa. Kuogopa kuruka kutoka mlimani ukining'inia kwenye kitambaa si aibu, hata mimi nisingekwenda, na ninayemwona ana akili timamu pale juu ni Stefano peke yake. Lakini mliposhuka mlipaswa kwenda kwa mzee jioni ileile mkamweleza, mkala naye, mambo yakaisha. Badala yake mmejenga nyumba ya maneno, na mwenzako kahamia humo na virago vyake vyote. Anaamini aliruka. Na wewe ulimpikia chai akisimulia. Usinitazame hivyo, ulimpikia.

Sasa kuhusu Mjomba Tomasi. Mzee aliyemlea mtoto wa dada yake tangu anatambaa, akamnunulia viatu vya shule kila mwaka, unadhani haijui miguu yake? Aliziona zile raba zenye kamba za waridi akacheka, akakupeleka garini ukapumzike. Alijua palepale. Na mzee anayesema safari hii anataka kuona uso, hamtafuti mruka angani. Anangoja mtoto wake aje amwambie ukweli bila kuvutwa sikio, apate kujua kama kiti cha ukoo anamwachia mtu wa kukikalia. Hofu ya kilimani keshaisamehe zamani. Uongo wa kilabuni ndio anaupima. Na kama sharti lake la mtoto wa ukoo kutangulia bado linadai, Stefano hakosi dada, nao ni watoto wa ukoo kuliko yeye, maana watoto watakaowazaa ndio ukoo wenyewe. Mmoja atajitokeza, nakuhakikishia, labda wawili.

Kwa hiyo usipande tena kwenye ile mikanda, na usimwache apande. Hiyo ni amri, si ushauri.

Lakini barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nitakwambia nilichoona. Kiti cha ukoo umekiandikia mstari mmoja. Bwawa, jogoo, nyundo, yule mtoto asiyetaka kuoga, umeviandikia ukurasa mzima, kwa mwandiko wa mbio, na wino umepakazika kwa haraka. Hukosi usingizi kwa ajili ya sifa, mwanangu. Una habari kubwa kuliko zote ulizowahi kuwa nazo, na mtu pekee unayetaka kumsimulia kakwambia hukuwepo. Hilo linauma, na una haki ya kuumia.

Na hapo ndipo ninapokukamata. Una mji mzima wenye magazeti, ukachagua hili. Ukakataa posta, ukataka jibu lichapwe humu, katika gazeti ambalo mumeo humsomea mjomba wake kwa sauti barazani, wewe umekaa pembeni unachambua mchele. Kurasa za wanawake hawasomi? Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Wanaume wa nchi hii wanaanza na ukurasa huu kabla ya mpira, na wewe unalijua hilo. Mdomo ulikuwa mzito, ukaniazima wangu. Sawa, nimekubali, nitausema. Lakini ni mara hii tu.

Stefano, salamu zangu zikufikie huko Uluguru. Kama umefika hapa unasoma kwa sauti, na nadhani sauti imeshaanza kupungua tangu pale penye Landrova, usifunge gazeti na usijifanye miwani imekosekana. Endelea kusoma, haya maneno yanayofuata ni yako, nimekuandikia ili usihangaike kuyatafuta: "Mjomba, shikamoo. Siku ile niliogopa. Aliyeruka ni mke wangu. Nisamehe kwa kukuficha, na nisamehe kwa niliyoyasimulia." Basi. Yasome tena kama hayakusikika vizuri, mzee ana haki ya kuyasikia yote.

Ile mistari miwili niliyoikata usiiulize hapo barazani. Utaisikia sikioni, mkiwa wawili, na ukishaisikia, tenga la kabichi la kwenda Mwembesongo utalibeba wewe.

Sasa weka gazeti chini. Mkeo yuko palepale, anajifanya anaangalia mchele. Mgeukie, mbele ya mjomba wako na wote waliokaa hapo, umuulize kule juu aliona nini. Halafu unyamaze mpaka amalize.